Picha moja, bando nzima: Ipunguze uzito kabla ya kuituma

Ni saa nne na nusu usiku, nawe umeketi kwenye ukingo wa kitanda huko Gatwekera, simu mkononi. Fomu ya basari ambayo umeisaka kwa majuma mawili inafungwa saa sita kamili. Umejaza jina lako, jina la mzazi, la shule na nambari ya kitambulisho. Limebaki jambo moja tu, nalo ni kuambatisha picha ya cheti cha kuzaliwa pamoja na picha yako ya pasipoti. Unabonyeza. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, mwishowe maandishi mekundu yanatokea: faili ni kubwa mno. Unajaribu picha nyingine. Safari hii kiduara kinafika asilimia 90 kisha mtandao unakatika, maana saa kama hiyo kila mtu katika ploti yuko kwenye simu yake. Unaanza upya, kutoka sifuri. Muda si muda ujumbe unaingia kukuarifu kwamba bando yako imekwisha.

Mpenzi msomaji, kama mkasa huu haujakupata wewe, basi huenda umempata mwanao au jirani yako. Wengi huulaumu mtandao, wengine huilaumu simu, na wengine huwalaani walioitengeneza fomu. Huenda wote hao wana makosa yao. Hata hivyo, aghalabu chanzo cha matatizo ni picha yenyewe, ambayo ni nzito kupita kiasi kwa kazi iliyokusudiwa. Dawa yake imo mumo humo katika simu, na haiuzwi.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Picha ya simu ni nukta ndogo ndogo zilizopangwa kwa safu kama shanga, na kila nukta huitwa pikseli. Kamera ya megapikseli 12 hupiga picha yenye nukta 4,000 upande mmoja na 3,000 upande wa pili, yaani nukta milioni 12. Kila nukta huhitaji baiti tatu, moja ya rangi nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Kama simu ingeihifadhi picha hiyo jinsi ilivyo, ingekula megabaiti 36. Kwa bahati simu huibana picha papo hapo, ikabaki na megabaiti tatu, nne au tano.

Sasa jiulize, yule karani atakayeitazama picha yako ya pasipoti ataiona kwa ukubwa gani? Kwenye kompyuta yake itakuwa kama kidole gumba. Nukta 600 kwa 600 zingemtosha kabisa, na hizo ni nukta 360,000 tu. Ukimtumia milioni 12, umemtumia zaidi ya mara 30 ya alichohitaji, na gharama ya ziada yote umeilipa wewe.

Kwa maana wengi husahau kwamba kupakia hula bando sawasawa na kupakua. Kwenye mtandao unaopandisha megabiti moja kwa sekunde, picha ya megabaiti 4 huchukua sekunde 32 kufika iwapo hakuna lililoharibika njiani. Ile ile ikipunguzwa hadi kilobaiti 250 hufika kwa sekunde 2. Bando ya megabaiti 100 itakutumia picha nzito 25, au nyepesi 400. Na usisahau zile safari zilizokatika asilimia 90: mara nyingi mambo huanza upya, na megabaiti zilizokwisha kwenda hazirudi.

Matangazo ya simu nayo yametupotosha. Siku hizi hata simu ya bei nafuu hujigamba kuwa na megapikseli 50. Ukiichunguza utakuta kwamba kwa kawaida huziunganisha nukta nne kuwa moja, ukapata picha ya megapikseli 12 na nusu. Ukiiwasha ile hali ya 50 kamili, unajitwika mzigo mkubwa zaidi kwa manufaa ambayo fomu ya basari haitayaona kamwe.

Mabati ni mazito hata pichani

Njia ambayo simu nyingi hutumia kubana picha huitwa JPEG, na kanuni zake ziliidhinishwa rasmi mwaka wa 1992. Hesabu iliyo moyoni mwake ni ya zamani zaidi. Ilibuniwa na Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore, India, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Kansas State nchini Marekani. Mwaka wa 1972 aliomba fedha za kufanyia utafiti huo akanyimwa. Akaendelea hivyo hivyo bila msaada, na mwaka wa 1974 akachapisha matokeo pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Wewe uliyenyimwa basari, basi unatuma rufaa yako kwa hesabu ya mtu ambaye naye alinyimwa.

JPEG huikata picha vipande vya mraba, kila kimoja nukta 8 kwa 8. Ndani ya kila kipande huhifadhi kwa uangalifu yale yanayobadilika polepole, kama vile mwanga unaofifia ukutani, na yale yanayobadilika ghafla ghafla huyaandika kwa kukisia. Tena hutumia udhaifu wa macho yetu: jicho la binadamu hutambua tofauti ya mwanga upesi kuliko tofauti ya rangi, hivyo mara nyingi habari za rangi hupunguzwa kwanza, wala huoni pengo.

Kutokana na hayo, picha mbili zilizopigwa kwa simu moja, zenye pikseli sawa, zinaweza kutofautiana uzito mara mbili au tatu. Simama kwenye reli uitazame Gatwekera ikiteremka: mabati yenye mikunjo na kutu, nyaya za umeme zilizosokotana, nguo zilizoanikwa, mawe yaliyowekwa juu ya paa. Hakuna kipande cha nukta 64 kilichotulia. Picha ya namna hiyo ni nzito sana. Mpige mtu yule yule akiwa amesimama mbele ya ukuta uliopakwa rangi moja, na uzito utashuka kabla hujafanya lolote. Picha za usiku nazo huwa nzito, kwa sababu zile chembechembe zinazorukaruka gizani huhesabiwa na simu kama vitu vya maana.

Kwa hivyo, kama unataka kumwonyesha fundi wa maji bomba lililopasuka, kata mabati yote yaliyo juu yake. Bonyeza sehemu ya kuhariri, vuta kingo, bakiza bomba. Watu hukimbilia kutafuta programu za ajabu ilhali mkasi umo kwenye simu.

Kibera iliwahi kupimwa kwa herufi

Wakazi wa Kibera si wageni katika mambo haya ya kutuma habari kwa simu. Kufikia mwaka wa 2009 mtaa huu ulikuwa doa tupu kwenye ramani za intaneti, ingawa maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wakiishi humo. Mwaka huo Erica Hagen na Mikel Maron walianzisha mradi wa Map Kibera, na vijana wa mtaa wakazunguka vijijini, Gatwekera ikiwemo, wakiwa na vifaa vya GPS. Walirekodi vyoo, mifereji, zahanati, shule, makanisa na misikiti, kisha wakaviweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri. Baadaye ikaja Voice of Kibera, ambako mkazi angeweza kutuma ujumbe mfupi ukaonekana kwenye ramani. Voice of Kibera ilitumia programu ya Ushahidi, iliyozaliwa hapa Kenya mnamo Januari 2008 wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Fikiria uzito wa habari za wakati ule. Ujumbe mfupi wa herufi 160 ni baiti 140. Picha moja ya megabaiti 4 ina uzito wa jumbe fupi zaidi ya 28,000! Simu nazo hazikuwa na makuu. Ile Huawei IDEOS iliyouzwa hapa nchini kwa takriban shilingi 8,000 mnamo 2011, ambayo kwa vijana wengi ilikuwa ndiyo simu janja ya kwanza, ilikuwa na kamera ya megapikseli 3.2 tu. Picha zake zilikuwa hafifu lakini zilikwenda. Kamera zimenenepa tangu hapo upesi kuliko mifuko yetu.

Makundi yanayokusanya habari mitaani yaliligundua jambo hili mapema. Programu ya ODK Collect, inayotumiwa sana Afrika kwa kazi za namna hiyo, ina mahali pa kuchagua ukubwa wa picha. Anayesimamia kazi akiweka upande mrefu uwe nukta 1,024, kila picha hupunguzwa kabla haijaondoka kwenye simu. Mtu anayezunguka vyoo 40 kwa siku, akipiga kila kimoja picha mbili, hana budi kufanya hivyo. Picha 80 za megabaiti 4 ni megabaiti 320.

Sasa tuje nyumbani kwako

Jambo la kwanza ni kuzuia. Ingia kwenye mipangilio ya kamera yako, tafuta ukubwa wa picha, uchague megapikseli 3 au 2 unapojua kwamba picha ni ya fomu. Simu nyingi za Android zina nafasi hiyo. Wenye iPhone wana shida yao nyingine: tangu 2017 simu hizo huhifadhi picha kwa aina iitwayo HEIC, ambayo ni nyepesi lakini fomu nyingi haziitambui. Humo humo kwenye mipangilio ya kamera mna chaguo la kurudi kwenye JPEG.

Ikiwa picha imekwisha kupigwa, ikate kingo kwanza. Kisha ipunguze vipimo. Kumbuka kwamba ukigawa kila upande kwa mbili, nukta hupungua mara nne, wala si mara mbili. Ndiyo sababu kupunguza vipimo kunafaa kuliko kuigandamiza picha ikiwa kubwa vile vile. Picha ya tukio au ya bidhaa unayouza yatosha ikiwa na nukta 1,280 upande mrefu. Cheti au barua iache kati ya 1,600 na 2,000 ili herufi zisomeke. Programu ikikuuliza ubora, asilimia 75 au 80 yafaa, na macho ya kawaida hayatajua tofauti.

Kuna tovuti iitwayo Squoosh, iliyotolewa na wahandisi wa Google mwaka wa 2018, ambayo huifanya kazi hiyo yote. Ninaipenda kwa sababu moja: picha haiondoki kwenye simu yako. Ukurasa ukishafunguka, hesabu hufanywa hapo hapo kwenye kivinjari. Tovuti nyingi zinazoahidi kupunguza picha bure hukutaka kwanza uipakie picha kwao. Yaani unamaliza bando kwa kupeleka picha nzito, halafu cheti chako cha kuzaliwa kimebaki kwa mtu usiyemjua.

Njia ya mkato inayojulikana na wengi ni WhatsApp. Ujitumie picha mwenyewe kwa ubora wa kawaida, uihifadhi, nayo itakuwa imepungua hadi nukta 1,600 hivi upande mrefu. Yafaa, ila ukiituma kama hati haipungui hata chembe.

Lakini punguza mara moja tu. JPEG hupoteza kitu kila inapohifadhiwa upya, na kilichopotea hakirejeshwi. Mwandishi wa makala haya alijifunza kwa uchungu. Cheti cha jamaa yangu kilitumwa kwangu kwa WhatsApp kutoka mashambani, nikakipiga picha ya kioo cha simu ili kiwe kidogo, nikakituma saiba, kijana wa saiba akakipunguza tena ili kiingie kwenye fomu ya ofisi fulani. Kila mkono uliokigusa ulidhani unasaidia. Kufika huko, 8 ilisomeka kama 3, ombi likakataliwa, na tukapoteza siku mbili kwenye foleni ili kuthibitisha kwamba mtoto hakuzaliwa miaka mitano kabla ya siku yake. Tangu siku hiyo sitoi cheti chochote kabla ya kukivuta kwenye kioo na kuisoma nambari ya usajili tarakimu baada ya tarakimu.

Faili ya picha pia hubeba habari usizoziona: aina ya simu, tarehe, saa, na kama umeruhusu kamera ijue ulipo, kipimo cha mahali picha ilipopigwa. Mnamo Desemba 2012 tajiri wa programu za kompyuta John McAfee, akiwa mafichoni, alipigwa picha na waandishi wa jarida la Vice. Picha ilipochapishwa, vipimo vilivyofichika ndani yake viliwaonyesha watu kwamba alikuwa Guatemala. Siku chache baadaye alikamatwa.

Wewe hujifichi, lakini fikiria Gatwekera ilivyo. Nyumba hazina nambari za barabarani na vyumba vya futi 10 kwa 10 vimebanana. Kipimo kinachokosea mita chache tu chatosha kumleta mtu hadi mlangoni pa ploti yako. Picha ya binti yako uliyoipiga kitandani na kuituma kwa barua pepe kwa mtu asiyejulikana anayedai kutoa kazi, inaweza kumwelekeza mtu huyo mpaka hapo. Programu nyingi za kupunguza picha, WhatsApp ikiwemo, huyafuta maandishi hayo ya siri zinapoibana picha. Hapo umepata faida mbili kwa jasho moja.

Ila faida hiyo ina upande wa pili. Julai 23, 2018 tingatinga ziliingia Kibera na kubomoa nyumba, hata shule, ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong' Road na Lang'ata. Siku kama hiyo mtu huulizwa nyumba yake ilikuwa wapi na ilikuwaje. Picha iliyobanwa na kufutwa tarehe na mahali haina la kujibu, lakini ile ya asili, iliyokaa kimya kwenye simu, inalo. Kwa hivyo unapopunguza, tengeneza nakala, usiiguse ile ya kwanza.

Neno moja kwa wanafunzi wanaojifunza kuunda programu za simu, maana siku hizi mko wengi. Msimwachie mtumiaji kazi hii. Ipunguzeni picha ndani ya programu yenyewe kabla ya kuipakia. Kwenye Android picha ya megapikseli 12 ikifunguliwa nzima hula megabaiti 48 za kumbukumbu, kwa kuwa kila pikseli hupewa baiti nne, na simu ya mama mboga huzimika hapo hapo. Tumieni inSampleSize kuifungua ikiwa tayari imepungua. Wanaotumia Flutter, image_picker ina maxWidth na imageQuality, mistari miwili tu. Soma pia alama ya mwelekeo kabla ya kuifuta, la sivyo picha zote zitalala ubavu. Na mtandao ukikatika, programu iendelee ilipofikia badala ya kuanza mwanzo.

Tukurudie wewe uliye ukingoni mwa kitanda. Bado una saa moja na kitu. Mwombe mwenzako akuwashie mtandao wake kwa dakika chache. Ukishapunguza, faili zote mbili hazitazidi nusu megabaiti, hivyo hatakunung'unikia. Soma vizuri fomu inataka nini, kwani kilobaiti 100 na megabaiti 1 hutofautiana mara kumi. Kata, punguza vipimo, kivute cheti kwenye kioo usome nambari, kisha tuma. Subiri ujumbe wa kuthibitisha kwamba vimepokelewa, uuhifadhi, ndipo ufute zile nakala ndogo. Zile kubwa ziache zilale.